Ukale wa Siku Moja

Kibanda cha njiwa cha mwambao wa Nyasa hakina cha kujivunia. Ni sanduku la mbao zilizobaki: kipande cha kitanda kilichovunjika, kipande cha mlango uliobadilishwa, pengine ubao wa boti iliyokwisha kuchoka. Hupigiliwa juu ya nguzo au chini ya upenu, tundu moja au mawili mbele, na ubao mdogo wa kutulia. Fundi wake aghalabu ni kijana wa nyumba hiyo hiyo, na misumari yake imenyooshwa juu ya jiwe kabla ya kupigiliwa upya. Wakaao ndani ni njiwa manga, ambao jina lao lingali likitaja safari ya bahari, ingawa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay hakuna awaulizaye walitoka wapi.

Mwaka wa kwanza kibanda hicho huwa na rangi ya mti uliopasuliwa jana. Kisha kazi huanza, na si kazi ya fundi. Jua la ziwani huivunja ile gundi ya asili iliyozishikamanisha nyuzi za mti. Mvua huja ikaiosha. Uso wa ubao ukageuka kijivu. Sehemu laini za pete za mti huliwa kwanza, zile ngumu zikabaki zimeinuka, hata apitishaye kidole huhisi mistari kama ya mchanga uliopigwa na mawimbi. Misumari hutoa kutu, na kutu ikikutana na ukali ulio ndani ya mbao huteremsha michirizi myeusi mithili ya wanja uliotoneshwa na machozi. Upepo wa kusi, ambao wavuvi wa Nyasa huuita mwera, huusaga upande mmoja kuliko mwingine, na alijuaye ziwa anaweza kukitazama kibanda peke yake akasema mwera unatokea wapi. Ubao wa kutulia hung'aa kwa nyayo. Miaka kumi ikipita, sanduku lile la mbao zilizobaki limekuwa hati. Kila alama iliyomo ina sababu yake, na sababu hiyo ilipita hapo kweli.

Sasa pana namna nyingine ya kuupata uzee huo, nayo yamalizika kati ya chai ya asubuhi na swala ya alasiri.

Kibanda kipya hupakwa kwanza rangi iliyoiva, kahawia au buluu nzito. Ikikauka, kingo zake husuguliwa kwa nta ya mshumaa, kisha hupakwa juu yake rangi hafifu, ya maziwa au ya majani yaliyofifia. Palipo na nta rangi ya juu haishiki. Msasa ukipita, ile ya chini hujitokeza, na mtazamaji akaamini kwamba mikono ya vizazi viwili imelishika sanduku hilo. Atakaye nyufa hupaka gundi nyeupe ya seremala baina ya rangi mbili: rangi ya juu, ikikaukia juu ya gundi isiyokauka sawasawa, hupasuka yenyewe kama matope ya kisima kilichokauka. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikilowekwa katika siki siku kadhaa hutoa maji ambayo, yakipakwa juu ya mbao, huzitia ukijivu katika muda wa saa moja. Matundu ya wadudu hutobolewa kwa msumari. Makovu hupigwa kwa mnyororo. Mwishoni hupitishwa maji ya majani ya chai au machicha ya kahawa, ili weupe wowote uliosalia uonekane umevutwa na moshi.

Machicha ya kahawa! Katika nyanda za juu za Umatengo, ambako mbuni umekuwa nguzo ya uchumi tangu miaka ya 1920, jambo hilo lina kejeli ambayo haihitaji mshairi kuitunga. Mkulima hupanda, hupalilia, huchuma buni nyekundu moja moja, huzimenya, huziosha na kuzianika, naye hungoja malipo kwa subira ambayo wakulima wa Mbinga wanaijua vyema. Halafu zao hilo, baada ya kupita mikono yote ya dunia, hurudi kama maji ya kulizeesha sanduku la ndege.

Mtindo wenyewe si wa Ziwa Nyasa. Bustani za matajiri wa Ulaya katika karne ya 18 zilijengewa magofu mapya, nguzo zilizovunjwa kwa makusudi na kuta ambazo hazikupata kuwa na paa. Mwaka 1989 Rachel Ashwell, Mwingereza, alifungua duka huko Santa Monica, California, akaliita Shabby Chic, na jina hilo likawa jina la mapambo ya aina nzima: samani zilizobabuka, rangi zilizochujuka, vitambaa vilivyofifia. Ashwell alianza na vitu vilivyozeeka kwa haki yake. Lakini soko halina subira ya kungoja vitu vizeeke, wala dunia haina vitu vikuukuu vya kuitosheleza, na hivyo ikabidi uzee utengenezwe. Leo picha za vibanda vya ndege vya namna hiyo humfikia fundi simuni mwake, awe Mbinga mjini au Mbamba Bay, naye huambiwa na mteja: nataka kama hiki. Ni kibanda cha ndege kisichokusudiwa ndege. Kitatundikwa barazani mwa nyumba ya wageni, au kitawekwa mezani na ua la plastiki tunduni.

Ieleweke kwamba anayeshitakiwa hapa si rangi. Rangi ni kinga ya mbao, na ni furaha ya macho. Mtu aliyezaliwa katika Mkoa huu huu wa Ruvuma, upande wa Tunduru, aliithibitisha haki ya rangi kuliko mtu yeyote wa Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua rangi za mafuta za kupakia baiskeli na vipande vya ubao mwepesi wa ujenzi, akawachora ndege na wanyama waliong'aa kama vyungu vilivyotoka kuoshwa. Alifariki mwaka 1972, akiwa ameifanya kazi hiyo miaka minne tu, nayo ikabaki jina la mtindo mzima. Rangi zake hazikujisingizia kitu. Zilikuwa rangi za dukani za mwaka ule, na zilisema hivyo kwa sauti. Mtu angekichukua kibanda cha njiwa cha Liuli akakipaka nyekundu na manjano, akakichorea madoa na mikia, hapangekuwa na la kulalamikia. Njiwa wasingejali, na jirani wangecheka kwa furaha. Mapambo ni jambo moja. Kuupaka wakati ambao haukupita ni jambo jingine.

Watetezi wa ufundi huu husema kwamba hakuna anayedanganywa. Mnunuzi anajua kibanda ni kipya, muuzaji anajua kwamba mnunuzi anajua, na baina yao mna mchezo tu, kama tamthilia. Hoja hii ina ukweli wa siku moja, sawa na ukale wenyewe. Mnunuzi wa kwanza anajua. Je, mwanawe atajua? Je, atajua mtu atakayekikuta kibanda hicho katika mnada, au dukani kwa muuza vitu vya kale, miaka ishirini baadaye, wakati mashahidi wa mchezo ule wamekwisha kutawanyika? Kitu huishi kuliko konyezo lililokiuza.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa somo hili, maana wamelisomea nyumbani. Atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe huoneshwa makasha ya njumu ambayo shaba yake ilitiwa weusi mwezi uliopita, na huambiwa kwa uso mkavu kwamba yalivuka bahari kwa jahazi enzi za masultani. Huoneshwa pia vinyago vya mti mwepesi vilivyosuguliwa kwa dawa ya viatu, vikaitwa mpingo. Mpingo wa kweli huzama majini, na weusi wake umo ndani kabisa mwa moyo wa mti. Dawa ya viatu huishia pale ukucha unapoanzia. Aliyeumia kwa biashara hiyo si mtalii tu, ambaye huenda akafurahia kinyago chake hadi mwisho wa maisha. Aliyeumia ni mchongaji aliyetafuta gogo la mpingo, akalichonga majuma mengi, akavunjikiwa patasi, kisha akaambiwa na mnunuzi aliyekwisha kutapeliwa mara moja: “Na hiki nacho ni dawa ya viatu?” Kazi ya kweli hulazimishwa kujitetea mbele ya hakimu aliyeharibiwa macho na kazi ya uongo.

Hasara hiyo ina upande mzito zaidi. Songea mjini, mwendo wa saa chache kutoka Mbinga, pana Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo kila tarehe 27 Februari hukumbukwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Katika makumbusho ya namna hiyo uzee wa kitu ni ushahidi. Mpini uliolainishwa na kiganja, ngozi iliyokauka, chuma kilicholiwa na kutu: hivyo ndivyo vilivyobaki vikinena baada ya wenye ndimi kunyongwa. Jamii inayozoea kuuchukulia ukale kuwa ni aina ya rangi, ya kuchaguliwa katika orodha baina ya buluu na kijani, polepole hupoteza uwezo wa kuuamini ukale inapokutana nao. Mtoto aliyekulia barazani penye kibanda kilichotobolewa matundu kwa msumari atayatazama matundu ya kweli kwa jicho gani?

Lugha yenyewe ilikwisha kutenganisha mambo haya kabla ya wauza rangi kuyachanganya. Kiswahili kina kitu cha kale, ambacho heshima yake ni ya zama zake. Kina kikongwe, ambacho kimeishi mno. Kina kikuukuu, ambacho kimetumika. Na kina kichakavu, ambacho kimetumika hata kikachoka. Maneno manne, na kila moja lamdai mtu miaka. Hakuna neno la tano kwa kitu kilichozeeka bila kuishi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakawacheka wapendao upya wa kila namna. Hawakuota kwamba watakuja watu ambao kwao kidonda ndicho kinyemi, nao watakichora kwa brashi pale ambapo ngozi ni nzima.

Na hapo ndipo lilipo jambo linalochukiza kuliko yote. Katika nyumba nyingi za mwambao wa Nyasa rangi inayobabuka dirishani ina maana moja tu: fedha ya rangi haikupatikana. Ilipatikana ada ya shule, au nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali, au nyavu mpya baada ya zile za zamani kuchukuliwa na dhoruba. Rangi ikangoja. Mlango ukakwajuka kwa sababu mwenye mlango alichagua, na uchaguzi wake ulikuwa wa heshima. Aje mtu mwenye uwezo wa kununua rangi kopo zima, tena makopo mawili, ayatumie yote ili kupata sura ya yule asiyeweza kununua hata kibaba! Huo si upendo wa mambo ya kale. Ni kuuvaa ufukara wa jirani kama kofia ya sherehe, kisha kuivua na kuitundika. Jirani hana pa kuitundika ya kwake.

Itasemwa: na fundi naye ale nini? Swali hili halina mzaha, wala halistahili kujibiwa kwa methali. Seremala wa Mbinga ana karo za kulipa. Kibanda kitupu atakiuza kwa bei ndogo. Kibanda kilichozeeshwa humletea mara mbili au tatu ya hiyo. Nani mwenye haki ya kumwambia aikatae fedha hiyo? Hakuna. Lawama haianzi kwake. Lakini itazamwe kazi anayolipwa aifanye. Kijana amefundishwa kuinyoosha mbao kwa randa hata mwanga usipenye chini ya rula. Amefundishwa kuunga pembe zikafumbatana bila msumari. Amefundishwa kuichagua mninga iliyokauka na kuikataa ile itakayopinda. Sasa analipwa kwa kuipiga kazi hiyo mnyororo. Tena, afadhali kama ameifanya. Maana ukale wa kupakwa una sifa moja ambayo kila fundi mvivu huigundua siku ya kwanza: huficha. Pembe isiyofumbatana huitwa ufa wa miaka. Ubao wa msindano uliokatwa mbichi, wenye mafundo na utomvu, hupita chini ya rangi mbili na gundi ukatoka ukiwa na heshima ya babu. Msumari uliokwenda upande huonekana umesukumwa na wakati. La kuvunda halina ubani, lakini laelekea limepata rangi. Mwanagenzi akuaye katika karakana ya namna hiyo hajifunzi useremala, hujifunza kusingizia. Na siku atakapoletewa kazi ya mlango wa kanisa, au wa msikiti, au jeneza, mkono wake hautakuwa na kumbukumbu ya kazi safi.

Fedha ile ile ingeweza kulipwa kwa kitu kingine. Wageni wafikao Mbamba Bay, na sasa wafika kwa urahisi zaidi baada ya barabara ya lami kuteremshwa kutoka Mbinga hadi ziwani, hawakuja kutafuta Santa Monica. Kibanda cha mninga kilichoungwa barabara, kisicho na rangi, chenye alama ya fundi na mwaka uliochongwa chini yake, ni kitu ambacho mtu anaweza kukipeleka nyumbani na kukiangalia kikizeeka pamoja naye. Atakuwa amenunua mwanzo wa habari, na habari yenyewe ataiona ikiandikwa. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo makopo ya rangi hayawezi kuitengeneza, nayo yastahili bei kubwa kuliko ile ya uzee bandia. Wanunuzi ndio wanaotakiwa kuombwa radhi na kuelimishwa kwa pamoja, si fundi.

Milimani juu ya ziwa, Wamatengo wana ukale wa namna hiyo, na kwa vile hautundikwi ukutani watu wachache huuona. Ni kilimo cha ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama macho ya nyavu katika miteremko mikali. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana. Udongo huchimbwa katikati ya miraba na kufunikwa juu ya nyasi. Maharage hupandwa juu ya matuta, kisha zamu ya mahindi hufuata. Maji ya mvua hunaswa mashimoni badala ya kuuchukua mlima na kuuteremsha ziwani. Ujuzi huo una umri mkubwa kuliko mlango wowote unaouzwa madukani kama wa kale. Hata hivyo shamba la ngoro halionekani la kale: udongo wake umegeuzwa msimu huu, nyasi zake zimeozea msimu huu. Ukale wake umo katika mikono ya watu, na mikono hiyo huufanya upya kila mara. Ingekuwa kituko cha aina gani kulipaka shamba hilo vumbi ili lionekane ni la mababu?

Njiwa nao wasisahaulike, kwani kibanda ni chao. Njiwa jike hutaga mayai mawili, naye na dume lake huyaatamia kwa zamu siku kumi na saba au kumi na nane. Wanachohitaji ni pakavu, pasipo upepo wa moja kwa moja, pasipo nyoka wala paka, na ubao wa ndani uliokwaruza kidogo ili kinda apate pa kushika. Mbao tupu hupumua. Hunyonya unyevu na kuutoa. Rangi iliyopasuliwa makusudi kwa gundi hubabuka haraka, na vigamba vyake huanguka pale pale ndege anapodonoa. Rangi nzito juani hukifanya kisanduku kidogo kuwa tanuri. Seremala mwenye busara, akilazimika kupaka, hupaka nje tu, na ndani huacha mti. Lakini aliyetengeneza kibanda kwa ajili ya sura yake hana sababu ya kuyafikiri haya, sawa na anayejenga jukwaa asivyofikiri juu ya choo cha nyumba iliyochorwa kwenye pazia.

Wakubwa nao wametajwa katika utetezi. Michelangelo, husemwa, alipokuwa kijana alichonga sanamu ya mtoto aliyelala, ikazeeshwa ikauzwa Roma mwaka 1496 kama kazi ya kale, akainunua Kardinali Raffaele Riario. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba kardinali aligundua, akairudisha sanamu kwa dalali na kudai fedha yake. Ajabu ya kisa hicho ni kwamba kilimleta kijana yule Roma, ambako miaka michache baadaye alichonga Pietà, jiwe jipya kabisa, jeupe, lililosuguliwa hata likang'aa. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Michelangelo alichonga jina lake juu yake. Uzee wa bandia aliutoa bila jina.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wa karibu zaidi, na wenye majonzi. Katika mji wa Bristol, Uingereza, kijana Thomas Chatterton alitunga mashairi akayavika lugha ya karne ya 15, akasema ni ya mtawa aitwaye Thomas Rowley. Ngozi alizoandikia alizisugua kwa udongo wa manjano na kuzibabua kwa moshi wa mshumaa: kanuni ile ile ya kibanda, nta na machicha. Alifariki mwaka 1770, hajatimiza miaka kumi na minane. Uchungu ni kwamba kipaji kilikuwa cha kweli. John Keats alimtunukia kitabu chake cha Endymion mwaka 1818, na hakumtunukia Rowley. Mtoto yule alikuwa na sauti, akaizika chini ya vumbi alilolitengeneza mwenyewe, kwa kuwa watu wa zama zake walikuwa tayari kumsikiliza maiti kuliko kijana.

Je, majarida ya ushairi wa Kiswahili, hili likiwemo, yana mikono safi? Haupiti mwezi bila kufikishwa shairi la kijana wa Dodoma au wa Mbeya, mjuzi wa lugha ya redio na ya dala dala, ambaye akiitwa na tungo husema mato badala ya macho, nti badala ya nchi, ndia badala ya njia. Maneno hayo ni matukufu kinywani mwa mwenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuyatumia ili aonekane mkongwe. Ndivyo walivyosema jirani zake, na mashairi yake yalikuwa ya jana na leo ya mji wake, mengine yakiwa ugomvi mbichi kabisa. Aliyeyachukua maneno hayo leo ili kuificha mizani iliyochechemea na wazo lisilokuwamo, amesugua nta kwenye kingo akapitisha msasa. Na wahariri huchapisha. Husema, “Kijana huyu anaienzi lugha.” Wakati huo huo shairi la binti wa Liuli, lililosema kwa Kiswahili alichonacho habari ya baba aliyengojwa ufukweni usiku wa mwera, hurudishwa kwa kuwa halina ladha ya zamani. Ladha ya zamani! Shairi hilo likiachwa liishi litakuwa nayo, kwa wakati wake, na itakuwa ladha yake lenyewe. Wahariri wanaombwa kulisoma tena.

Mafasiri nao wana la kujibu. Kuna tafsiri za Kiswahili ambazo mtunzi wa kigeni, aliyeandika kwa lugha ya soko la mji wake, huvishwa kanzu ya karne mbili nyuma, eti ndio ufasaha. Msomaji hukisogelea kitabu akakuta harufu ya udi pale palipokuwa na harufu ya samaki.

Mwambaoni mvua huanza kuelekea Desemba. Kibanda kilichopigiliwa Oktoba huwa bado kina harufu ya msumeno matone ya kwanza yanapokiangukia, na mbao zake hugeuka rangi ghafla, zikakauka, zikageuka tena. Msumari mmoja umekwisha kuanza kutoa mstari mwembamba wa kutu, usiofika kidole. Njiwa jike hutokeza kichwa tunduni, akalitazama ziwa, akarudi ndani juu ya mayai yake.